Miaka Minne ya Kutafuta Sindano

Nimestaafu juzi Jumatano, baada ya alasiri. Nina miaka kumi na saba. Nasikia watu wakistaafu hupewa saa ya ukutani na hotuba. Mie Bi Raya alinipa sahani ya visheti, na hotuba niliomba isiwepo. Mwezi ujao naanza kidato cha tano katika skuli ya dahalia huko Unguja, na nitalala huko huko. Sumaku siwezi kuichukua, kwa sababu sindano za mtaani kwetu hapa Wete hazitasubiri likizo kupotea. Basi nakuachieni nyinyi wawili, Zuwena na Mwanaisha, na daftari hili liende pamoja nayo. Mliniomba nikuelezeni kwa mdomo. Mnanijua. Kwa mdomo ningesema maneno sita kisha nikaangalia sakafu.

Kuhusu vyeo sina la kuandika. Kazi hii haina pa kupandia. Siku unayoianza ndiyo umeshafika juu.

Nianze mwanzo. Mtaa wetu, kila nyumba ya pili ina mwanamke anayeshona kofia. Sindano ya kofia ni nyembamba, na ikianguka kwenye mkeka ukiitafuta kwa macho hutaiona. Na mkeka ndio tunaokalia, ndio tunaolia chakula, ndio watoto wanaotambaa juu yake. Nilikuwa na miaka kumi na tatu mama alipopotewa na sindano yake. Tuliitafuta kwa macho, kwa fagio, kwa viganja. Aliyeipata ni mdogo wangu, na aliipata kwa unyayo. Ilikatika ndani. Kilio kile sikukisahau, na kesho yake nikaenda kwa Mzee Khatibu.

Mzee Khatibu ni mjomba wa mama, fundi redio kule karibu na soko, na hapendi watoto wala hafichi. Nilipiga hodi mara tatu. Hodi yangu siku zile ilikuwa inaishia kwenye kizingiti. Nikabaki nimesimama mpaka akainua kichwa mwenyewe.

"Umesimama hapo kama nguzo ya umeme. Wataka nini?"

"Sumaku."

"Nini?"

"Sumaku, babu."

"Ya kuchezea?"

"Ya kutafutia sindano."

Akanitazama. Kisha akavuta kutoka chini ya meza spika kuukuu ya chuo chetu cha Kurani, iliyoungua siku nyingi, akaipasua kwa patasi. Ndani mkatoka duara jeusi, zito, lenye tundu katikati, kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta.

"Usiiangushe," akasema. "Usiitie motoni. Usiibandike kwenye chuma ukaibandua kwa kuipiga. Na ukiipata hiyo sindano usije kunishukuru, nina kazi."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya kuanzia kazi. Nimeyaandika kama alivyoyasema, pamoja na la mwisho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la usafi. Niliishonea sumaku mfuko wa kanga. Nikaona hautoshi, nikaongeza wa pili juu yake, kisha nikatia pamba katikati isije ikakwaruza samani za watu. Ikapendeza kama mto wa bibi harusi. Lakini haikushika kitu. Nikairudisha kwa Mzee Khatibu nikidhani imekufa. Akaipapasa.

"Umeivalisha makoti mangapi? Kwani ina homa?"

Akakata mishono yote kwa wembe, akaniachia kitambaa kimoja chembamba, ili sindano ikinasa uweze kuibandua bila kujichoma. Sumaku ikafufuka. Mie nilidhani kitambaa hakiwezi kuizuia sumaku, na kweli hakikuizuia. Kiliiweka mbali kidogo tu, na kidogo kile kilitosha. Hapo ndipo ningejifunza. Sikujifunza.

Sasa namna ya kufanya kazi. Kwanza watoe watoto chumbani, na watu wazima wanaopenda kusaidia pia. Anzia mlangoni, nenda kwa mistari kama mtu anayelima, mstari ukipanda juu ya mwenziwe. Usiinue mkono. Sumaku iguse mkeka, itambae. Usiongee. Sindano ikija hupiga "ti", sauti ndogo sana. Mtu mwenye maneno mengi haisikii, na hii ndiyo kazi pekee duniani niliyoona ukimya wangu una faida. Ukishaipata, mwoneshe mwenyewe, mwache aseme "ndiyo hii." Usiseme wewe.

Na muulize mwanzo ni sindano kweli. Niliwahi kuitwa nyumba moja karibu na bandari, nikatambaa chumba kizima mpaka magoti yakachubuka, kumbe kilichopotea ni herini ya dhahabu. Sumaku haina habari na dhahabu. Nilipowaambia, mwenye nyumba akasema, "Basi sumaku yenu ina kijicho." Nilirudi nyumbani na pini tatu za mtandio na msumari mmoja.

Ugumu wangu mimi haukuwa kutafuta. Ulikuwa kuingia. Kila nyumba nilikuwa nasimama nje najiambia nikihesabu mpaka ishirini nitapiga hodi. Mara nyingine nilihesabu mpaka mia. Na nikishaingia nilitaka kutoka haraka. Nayaandika haya kwa sababu ndiyo yaliyoleta lile jambo la nyumba ya Bi Raya, na jambo lile ndilo hasa ninalotaka mlijue.

Nilikuwa kidato cha tatu. Bi Raya, mshonaji kofia mkubwa kuliko wote mtaani, alikuwa amepata mjukuu. Binti yake, Salma, alikuja kuzalia kwa mama yake kama ilivyo ada, na Bi Raya akamtolea godoro lake mwenyewe la sufi, lile la harusi yake, nene shubiri nzima. Siku ya sita Bi Raya alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro anamalizia kofia, na mtoto amelala ubavuni mwa mama yake. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Akafanya kile ambacho wote mtaani hukifanya, na mama yangu pia: akaichomeka sindano kwenye godoro, uzi bado umeshikana na kofia, akaenda kutia udhu. Nyuma yake akaja jirani kumtazama mzazi. Akaiona kofia, akainyanyua kuisifu. Uzi ukachomoka, sindano ikabaki. Watu wakakaa juu ya godoro, wakainuka, wakakaa tena. Bi Raya aliporudi kutoka kuswali, sindano haikuwepo.

Wakaniita. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake na harufu ya udi. Wote walinigeukia. Nikapitisha sumaku juu ya godoro lote, kwa mistari. Kimya. Wakalipindua, nikapitisha chini. Kimya. Nikapitisha sakafuni, kwenye mkeka, kwenye nguo za mtoto. Kimya.

"Eh, mwanangu?" Bi Raya akauliza. "Imo haimo?"

Wanawake wote wale wakinitazama. Nikasema, "Haimo."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Raya. "Itakuwa imetoka na mtu kwenye kanga."

Salma akamlaza mtoto. Nikaondoka kabla sijamaliza chai.

Asubuhi yake tulikuwa na somo la fizikia kwa vitendo. Mwalimu Asya alitugawia sumaku za skuli, pini, na vipande vya boksi la sabuni vilivyokatwa sawasawa. Weka kipande kimoja kwenye uso wa sumaku, hesabu pini zitakazonyanyuka. Weka viwili, hesabu. Weka vinne. Mie nilikuwa na Fatma, ambaye huandika majibu kwanza kisha ndiyo anapima.

Kipande kimoja, pini kumi na tisa. Fatma akaandika jibu la vipande viwili kabla hatujapima: tisa na nusu.

"Nusu ya pini iko wapi?" nikamuuliza.

"Umbali mara mbili, nguvu nusu. Hesabu ya darasa la nne hiyo."

Tukapima. Zilikuja saba. Vipande vinne, ilikuja moja, nayo ikaanguka Fatma alipocheka. Vipande vinane, sumaku ilipita juu ya pini kama haijuani nazo.

Mwalimu Asya alisimama katikati ya darasa. "Mmeshangaa? Taa ukienda mbali nayo mara mbili, mwanga unaokufikia ni robo, kwa sababu mwanga ule ule umetandazwa penye eneo mara nne. Sumaku ni mbaya zaidi. Ina ncha mbili, na ukiwa mbali hizo ncha zinaharibiana kazi. Na pini yenyewe si sumaku. Lazima kwanza igeuzwe sumaku ndiyo ivutwe. Ikiwa mbali inageuzwa kidogo, na kile kidogo kinavutwa kidogo. Hasara juu ya hasara."

Darasa likacheka. Mie nilikuwa nimeweka vidole vyangu viwili kando ya vile vipande vinane. Vilikuwa sawasawa.

Vidole viwili juu, nikafikiri. Viwili chini. Na godoro la Bi Raya ni shubiri nzima. Yangu ina nguvu zaidi kidogo kuliko ile ya skuli, lakini si ya kufika shubiri. Nilikuwa nimepapasa ganda la embe nikaapia kokwa. Na watu wakikaa na kuinuka juu ya sufi, sindano iliyozama chini inaweza kusafiri juu, pale alipolala mtoto wa siku saba.

Nikainua mkono. Sikumbuki kama niliwahi kuinua mkono kabla ya siku ile.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani."

"Unaumwa?"

"Hapana. Ni godoro."

Fatma akaziba mdomo. Nilimweleza Mwalimu Asya pembeni, kwa sauti ndogo, na aliinama kunisikiliza mpaka mwisho. "Nenda," akasema. "Usitembee."

Nikapita nyumbani kuchukua sumaku, nikakimbia mpaka kwa Bi Raya. Nilikuwa nimesahau kuwa siku ya saba ni siku ya akika. Mbuzi alishachinjwa, masufuria yako uani, ndani wanawake wamevaa vya sherehe, na kila anayeingia anapelekwa chumbani kumwona mtoto. Nilipiga hodi. Haikusikika na mtu. Nikaingia tu.

Bi Raya alikuwa anagawa pilau. "Ah, mwanangu, umekuja! Kaa, kula."

"Bi Raya, lile godoro..."

"Kula kwanza. Mpe sahani huyu."

Nikapewa sahani. Naona haya kuandika, lakini niliipokea. Nilikaa na sahani ya pilau mapajani na sumaku kwenye mfuko wa skuli, natafuta namna ya kusema maneno matano. Hapo niliweza kumwona Salma mlangoni mwa chumba, mtoto mkononi kavalishwa kikofia kipya, anainama kumrudisha kwenye godoro.

"Msimlaze!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mpaka uani wakaacha kukoroga.

Salma alibaki ameinama vile vile. Bi Raya akaweka upawa chini. "Nini wewe?"

"Sindano. Huenda imo. Jana nilisema haimo, nilikosea."

"Si ulipitisha mwenyewe? Juu na chini, mbele yetu?"

"Sumaku haikufika katikati. Inafika vidole viwili tu. Zaidi ya hapo haivuti. Mimi sikujua... nilitaka kuondoka."

Mwanamke mmoja mnene aliyekaa karibu na dirisha, shangazi yake Salma, akacheka. "Jana haimo, leo imo. Kesho atatuambia ni patasi! Bi Raya, mpe mtoto sharubati, jua limempiga."

"Na akika hii," akasema mwengine, "tufumue godoro la watu? La harusi?"

 Nilitamani kuangalia sakafu. Nikasema tena, "Sijui kama imo. Lakini sijui kama haimo." Basi. 

Salma ndiye aliyeamua. Akainuka, akamkumbatia mwanawe. "Mie simlazi," akasema. "Mama, lifumue."

Tukalitoa uani, tukatandika jamvi. Bi Raya alikata mshono kwa mkasi wa kofia. Sufi ya miaka mingi ikatoka, na upepo ulikuwepo. Ikapanda hewani, ikatua kwenye nywele zilizopakwa mafuta, kwenye mashela, kwenye pilau. Yule shangazi akawa na ndevu. Wanawake walikuwa wanapiga chafya na kucheka na kunilaani, yote pamoja. Mie nikaitandaza sufi, kafungu baada ya kafungu, isizidi unene wa kidole kimoja, na nikapitisha sumaku.

Fungu la tatu: ti.

Vigelegele vikalipuka mpaka kuku wakakimbia. Bi Raya akaichukua. Yule shangazi akanipiga busu la utosi lenye sufi. Watu wakaanza kujaza sufi godoroni.

Lakini nilikuwa nimeiona ile sindano. Ilikuwa na kutu, na tundu lake limevunjika.

"Siyo hii," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, kwa nguvu, mara ya pili ndani ya siku moja, na katika maisha yangu. "Bi Raya, siyo hii! Ya jana ilikuwa mpya."

Bi Raya akaisogeza machoni, akaigeuza. Akakaa chini taratibu. "Wallahi," akasema. "Hii ni ya zamani. Hii nimeilalia tangu nimeolewa."

"Ndiyo maana marehemu mumeo alikuwa hatulii!" akasema shangazi, na mtu mmoja ikabidi akamatwe asianguke kwa kicheko.

Bi Raya hakucheka. Akanitazama, akaitoa sufi yote iliyorudishwa ndani, akaimwaga tena jamvini. "Endelea," akaniambia. "Mpaka useme wewe."

Ilikuwa fungu la kumi na moja. Ti. Nyembamba, inang'aa, haina hata alama. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele mpaka Bi Raya aliposema, "Ndiyo yenyewe." Na hata hivyo nilimaliza mafungu yote yaliyobaki. Yakafika ishirini na mawili.

Tangu siku ile mtaa wetu huchomeka sindano kwenye kipande cha sponji ndani ya kopo. Si wote. Mama yangu bado.

Mwalimu Asya aliniuliza majibu, nikampa, akaniambia nilisomee darasa. Nilisoma nikiangalia ubao, lakini nilisoma. Mzee Khatibu aliposikia alisema, "Nilikwambia juu ya makoti," na akarudi kwenye redio yake.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo nimeandikia kurasa zote hizi. Mtaulizwa, "Imo haimo?" Watu watakuwa wamekuzungukeni, na nyinyi mtataka kutoka. Usiseme haimo. Sema sumaku imefika wapi. Vidole viwili kwa juu, vidole viwili kwa chini, katikati bado. Watu wazima hawapendi jibu hilo, nakwambieni mapema. Watasema umezungusha maneno. Waache waseme, kisha omba mkasi.

Juzi, wakati nakula vile visheti, mjukuu wa Bi Raya alikuwa anatembea uani na sumaku yangu, anaibandika kwenye pipa la chuma na kuing'oa kwa kuipiga, kosa lile lile nililokatazwa. Nilimwacha kidogo. Kisha mtoto wa jirani akaja mbio: kwao wamepotewa na sindano, kwenye godoro la mgeni.

Nikanyanyuka kwa mazoea. Zuwena alishaichukua sumaku. Nikamfuata mpaka mlangoni mwa nyumba ile, na sikuingia. Nikakaa barazani. Hodi yake niliisikia, na waliokuwa uani waliisikia pia, na labda na wa bandarini. Nikangoja. Baada ya muda sauti ya mwanamke ikauliza ndani, "Basi, imo haimo?"

Nikaanza kuhesabu.

"Sijui bado," akasema Zuwena. "Nimefika vidole viwili. Nileteeni mkasi."